Herufi Namba 472: historia ya kipande cha RNA kisichotafsiriwa, na matone ya polio yaliyopita Njombe

Machi 2022 timu za chanjo zilipita nyumba kwa nyumba katika mikoa minne ya kusini magharibi mwa Tanzania: Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Lengo lilikuwa kila mtoto aliye chini ya miaka 5 apate matone mawili ya polio mdomoni, hata kama kadi yake ya kliniki inaonyesha alishamaliza chanjo zote. Mwezi mmoja kabla, tarehe 17 Februari, Malawi ilikuwa imetangaza kwamba mtoto mmoja jijini Lilongwe amepooza kutokana na kirusi cha polio pori cha aina ya 1, chenye ukoo na virusi vya Pakistan. Habari hiyo ilishtua watu. Kanda ya Afrika ya WHO ilikuwa imethibitishwa kuwa haina polio pori Agosti 2020, na Tanzania yenyewe haikuwa imeona mgonjwa wa polio pori tangu 1996.

Ukitazama ramani utaona kwa nini Njombe iliingia kwenye orodha. Wilaya ya Ludewa iko mwambao wa Ziwa Nyasa, na ng'ambo ya maji ni Malawi. Makambako nayo ni njia panda: barabara kuu kutoka Dar es Salaam inagawanyika pale, moja inaendelea Mbeya hadi Tunduma, nyingine inakata kushoto kwenda Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo inapita hapo hapo. Polio husafiri ndani ya utumbo wa watu, na wengi wanaoibeba hawaumwi wala hawajui kama wanayo.

Kwenye kampeni za namna hii kuna maswali yanayojirudia mlangoni. "Dada, huyu si alishamaliza?" "Ameshamaliza mama, hii ni ya nyongeza." Halafu kuna lile la pili, ambalo wengine huliuliza kwa sauti ya chini: ni kweli hayo matone yana kirusi kilicho hai?

Jibu ni ndiyo. Kiko hai, ila kimedhoofishwa. Sasa kimedhoofishwa wapi hasa? Kumbe sehemu kubwa ya udhaifu huo imo kwenye kipande cha RNA ambacho hakitengenezi protini yoyote, na ndani ya kipande hicho mzigo mkubwa umebebwa na herufi moja tu. Ilichukua takriban miaka 25 tangu matone yaanze kutolewa kwa mamilioni ya watu hadi wanasayansi walipoiona herufi hiyo. Hii ndiyo historia yake.

Makaratasi ya mzigo

Tuanze taratibu. Jeni zetu zimeandikwa kwenye DNA. Seli ikihitaji protini fulani, inanakili jeni husika na kupata RNA mjumbe, yaani mRNA, ambayo iligunduliwa mwaka 1961. Mashine iitwayo ribosomu inaishika mRNA hiyo, inasoma herufi zake tatu tatu, na kuunganisha protini. Kazi hii ya kusoma na kuunganisha ndiyo inaitwa kutafsiri.

Lakini ribosomu haitafsiri mRNA yote. Kuna kipande cha mbele, kabla ya alama ya kuanzia, ambayo kwa kawaida ni herufi AUG. Kuna na kipande cha nyuma, baada ya alama ya kuishia. Vipande hivi viwili ndivyo maeneo yasiyotafsiriwa, kwa kifupi UTR.

Fikiria lori la saruji linaloingia mizani pale Makambako. Saruji ndiyo itakayojenga nyumba, makaratasi ya mzigo hayajengi kitu. Ila bila makaratasi lori haliondoki. Yanasema mzigo ni wa nani, ni kiasi gani, unakwenda wapi. UTR ndiyo makaratasi ya mRNA. Hutaikuta ndani ya protini, lakini inachangia kuamua protini itengenezwe nyingi au kidogo, lini, kwenye seli za aina gani, na mRNA yenyewe idumu muda gani kabla ya kuvunjwavunjwa.

Mfano wa mwilini mwetu ni madini ya chuma. Seli huhifadhi chuma ndani ya protini iitwayo feritini. Mwaka 1987 watafiti walionyesha kwamba UTR ya mbele ya mRNA ya feritini ina kipande kilichojikunja kama pini ya nywele. Chuma kikipungua, protini maalumu inaikalia pini hiyo na kumzibia ribosomu njia, kwa hiyo ghala halijengwi. Chuma kikiwa kingi, protini hiyo inaondoka na feritini inatengenezwa. UTR ya nyuma nayo ina mambo yake. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun walieleza jinsi RNA fupi sana inavyojibandika kwenye UTR ya nyuma ya mRNA nyingine na kuizima, ndani ya mnyoo mdogo wa maabara. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Polio ilitangulia kidogo kutoa fundisho hilo, na kwa bei kubwa zaidi.

Kirusi kinachopita mlango wa nyuma

Kirusi cha polio ni kitu kidogo sana: ganda la protini, na ndani yake uzi mmoja wa RNA wenye herufi takriban 7,440. Uzi huo ukiingia ndani ya seli unafanya kazi kama mRNA papo hapo. Mwaka 1981 makundi mawili nchini Marekani, la Eckard Wimmer kule Stony Brook na la Vincent Racaniello na David Baltimore kule MIT, yalichapisha mpangilio wa herufi zote. Jambo moja lilishangaza: kabla ya kufika pale protini inapoanzia kuna herufi 742 zisizotafsiriwa. Hiyo ni sehemu moja ya kumi ya kirusi kizima! Kirusi kina nafasi finyu kama begi la mwanafunzi wa bweni. Haiwezekani kibebe herufi zote hizo bure.

Kulikuwa na fumbo lingine. Tangu katikati ya miaka ya 1970 ilijulikana kwamba mRNA za seli zetu zina kofia ya kikemikali mwanzoni mwake. Mwaka 1978 Marilyn Kozak alipendekeza kwamba ribosomu hudaka mRNA kwenye ncha ya mbele, kisha hutembea juu yake hadi ikutane na AUG inayofaa. Maelezo haya yanafaa kwa mRNA zetu nyingi mpaka leo. Lakini RNA ya polio haina kofia, na UTR yake imejaa AUG za njiani ambazo zingemchanganya yeyote anayetembea kutoka mwanzo. Sasa ribosomu inaingilia wapi?

Jibu lilikuja 1988. Jerry Pelletier na Nahum Sonenberg wa Chuo Kikuu cha McGill, Canada, walionyesha kwamba UTR ya polio inamwita ribosomu moja kwa moja katikati, bila kupitia ncha. Mwaka huo huo kundi la Wimmer lilionyesha jambo kama hilo kwa kirusi kilicho ndugu wa polio. UTR hiyo imejikunja kwa vifundo na vitanzi, na umbo lake ndilo linaloikamata mitambo ya seli. Wanasayansi waliuita mlango huo IRES.

Na hapa ndipo ujanja wa kirusi ulipo. Polio hutengeneza kimeng'enya kinachokata protini ambayo seli inaitegemea kupokea mRNA zenye kofia. Ni kama mtu anayefunga geti kuu la stendi, mabasi ya wenzake yote yanakwama, halafu basi lake linapita mlango wa nyuma. Seli inaacha kutengeneza protini zake na inabaki kumtumikia kirusi. Seli hiyo ikiwa ni ya neva kwenye uti wa mgongo, misuli inayoitegemea inapooza.

Sabin hakuiona herufi

Turudi nyuma miaka 30. Albert Sabin, aliyekuwa Cincinnati, Marekani, alitaka chanjo ya kumeza ambayo kirusi chake kingeishi kwenye utumbo bila kudhuru neva. Hakuwa na njia ya kusoma herufi za RNA, kwani njia ya haraka ya kusoma DNA ilikuja 1977. Alichofanya ni kukuza virusi mara nyingi kwenye seli za figo za nyani, kuchagua vizao vichache, kuvijaribu kwenye nyani, na kubaki na vile visivyopoozesha. Vita Baridi ikiwa imepamba moto, chanjo yake ilijaribiwa kwa mamilioni ya watu Umoja wa Kisovyeti mwaka 1959, kwa ushirikiano na Mikhail Chumakov. Ilifanya kazi. Ilikuwa rahisi, haikuhitaji sindano, na ilisambaa duniani.

Kulikuwa na doa dogo. Mara chache sana, aliyepewa matone au mtu wa karibu yake alipooza. Makadirio ya WHO ni takriban tukio moja kwa dozi milioni 2.7. Virusi vilivyopatikana kwa wagonjwa hao vilikuwa vizao vya chanjo yenyewe. Vilibadilika wapi?

1985: herufi moja

Kulinganisha kulianza mara tu herufi ziliposomeka. Kirusi cha chanjo cha aina ya 3 kilitokana na aina iitwayo Leon, iliyopatikana Los Angeles mwaka 1937. Mwaka 1984 ilionekana kwamba mzazi huyu mkali na mtoto wake aliyedhoofishwa wanatofautiana kwa herufi 10 tu kati ya zaidi ya 7,400. Hebu fikiria: kimoja kinapoozesha, kingine ni chanjo, na tofauti ni herufi 10!

Mwaka 1985 kundi la Uingereza, likiwamo la Philip Minor aliyekuwa taasisi ya NIBSC na Jeffrey Almond wa Leicester, lilichapisha matokeo kwenye jarida la Nature. Walisoma kirusi kutoka kwa mgonjwa aliyepooza kutokana na chanjo na kukuta herufi ya 472 imebadilika. Kwenye Leon herufi hiyo ni C. Sabin bila kujua alichagua kirusi chenye U. Kwa mgonjwa ilikuwa imerudi kuwa C. Nafasi ya 472 iko ndani kabisa ya UTR ya mbele, na protini haiguswi hata kidogo.

Na kuna zaidi. Walipotazama kinyesi cha watoto wazima waliochanjwa, U ilikuwa imerudi kuwa C ndani ya siku chache tu. Yaani kurudi huko si ajali ya nadra. Utumbo wa binadamu unaipendelea C.

Aina nyingine mbili zilionyesha kisa hicho hicho, karibu mahali pale pale: aina ya 1 kwenye herufi ya 480, aina ya 2 kwenye herufi ya 481. Sabin alifanya kazi na virusi vitatu tofauti, na mara zote tatu uchaguzi wake uliangukia kifundo kimoja cha UTR.

Kwa nini herufi moja iwe na nguvu hivyo? Kifundo hicho kinashikiliwa na jozi za herufi zinazotazamana. C na G hushikana vizuri. U na G hushikana kwa ulegevu. Ukibadilisha C kuwa U, kifundo kinalegea, mlango wa ribosomu unakaa upande, na protini za kirusi zinapungua. Mwaka huo huo 1985 kundi la Vadim Agol kule Moscow lilionyesha kwamba RNA za virusi vya Sabin hutafsiriwa kwa udhaifu kuliko za virusi vikali. Baadaye ikaonekana kwamba udhaifu huo unaumiza zaidi kirusi kikiwa kwenye seli za neva. Kwenye utumbo kinajikokota na kutosha kuamsha kinga. Kipo bado hai, ila kwenye neva kimefungwa breki.

Matone yaliyotolewa Njombe Machi 2022 yalikuwa na virusi vya Sabin vya aina ya 1 na ya 3. Kwa hiyo kila mtoto wa Ludewa au Makambako aliyefungua mdomo siku zile alipokea breki hizo mbili, ile ya 480 na ile ya 472.

Breki inapolegea

Sasa msomaji atauliza: kama herufi inarudi ndani ya siku chache, mbona watoto hawapoozi? Kwanza, UTR si breki pekee, kuna mabadiliko mengine kwenye protini za ganda. Pili, na hili ndilo kubwa, mwili wa mtoto unakimbizana na kirusi, na karibu siku zote unashinda. Tatu, kirusi kilichorudisha herufi yake kinatoka na kinyesi kikitafuta mtoto mwingine. Kikikuta mtaa mzima umechanjwa, kinaishia hapo.

Tatizo ni pale wengi wanapokuwa hawajachanjwa. Kirusi kinahama kutoka mtoto hadi mtoto kwa mwaka na zaidi, kikikusanya mabadiliko njiani, mpaka kinakuwa kikali tena. Dunia ililitambua hili waziwazi kwenye kisiwa cha Hispaniola, yaani Haiti na Jamhuri ya Dominika, mwaka 2000. Baadaye aina ya 2 ndiyo ikawa msumbufu mkubwa. Polio pori ya aina ya 2 ilionekana mara ya mwisho 1999, kwa hiyo Aprili 2016 nchi zote zilizokuwa zikitumia matone ziliondoa aina hiyo kwa pamoja na kubaki na aina ya 1 na ya 3.

Hesabu ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Lakini virusi vya aina ya 2 vilivyotokana na chanjo vilikuwa bado vinazunguka mahali penye chanjo hafifu, na watoto waliozaliwa baada ya Aprili 2016 hawakuwa na kinga ya utumbo dhidi yake. Mwaka 2023 kirusi cha namna hiyo kilithibitishwa kwa mtoto mkoani Rukwa. Septemba mwaka huo kampeni ilifanyika Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe, na safari hii umri ulipanda hadi chini ya miaka 8. Piga hesabu kutoka 2016 utaona kwa nini.

Tazama visa hivi viwili kwa pamoja. Malawi 2022 ilikuwa polio pori iliyotoka mbali. Rukwa 2023 kilikuwa kizao cha chanjo. Chanzo ni tofauti kabisa, ila vyote viwili vinaishi kwa chakula kimoja: watoto waliorukwa.

Kuandika upya makaratasi

Matone yaliyotolewa Rukwa hayakuwa ya Sabin yale ya zamani. Yaliitwa nOPV2, na hapa historia ya UTR inageuka kuwa ufundi. Wanasayansi, wakiwamo Andrew Macadam wa NIBSC na Raul Andino wa California, walikichukua kile kifundo na kukiandika upya herufi kwa herufi. Zile jozi legevu za U na G, ambazo badiliko moja tu linazigeuza kuwa C na G imara, waliziondoa. Badala yake waliweka jozi za U na A. Ili jozi ya U na A iwe C na G, herufi zote mbili lazima zibadilike. Ikibadilika moja tu, kifundo kinalegea zaidi. Kirusi kikijaribu kupanda ngazi, kidato cha kwanza kinakishusha.

Wakaongeza kufuli. Kuna kipande kingine cha RNA ambacho kirusi hakiwezi kujinakili bila hicho. Walikiua pale kilipokuwa na kukihamishia ndani ya UTR ya mbele. Kirusi kikibadilishana UTR na kirusi kingine ili kupata kifundo imara, kinapoteza pia kipande hicho.

nOPV2 ilijaribiwa kwa watu mara ya kwanza Antwerp, Ubelgiji, mwaka 2017, ikatengenezwa Bio Farma kule Indonesia, na WHO ikaruhusu matumizi ya dharura Novemba 2020. Je, ni kinga kamili? Hapana. Machi 2023 ilitangazwa kwamba Kongo na Burundi zimepata wagonjwa wa kirusi kilichotokana na nOPV2 yenyewe. Mabadiliko hayo yanatokea mara chache kuliko kwa Sabin ya zamani, lakini penye watoto wengi wasio na kinga kirusi hupata muda wa kujaribu kila njia.

Tangu 2018 Tanzania inatoa pia sindano ya IPV mtoto anapofikisha wiki 14. Ndani yake kirusi kimekufa, kwa hiyo hakuna herufi ya kurudi. Inalinda neva vizuri, ila haijengi kinga ya utumbo kama matone, na mtoto anaweza bado kubeba kirusi na kukipeleka kwa mwingine. Ndiyo maana ratiba ya kliniki ina vyote viwili: matone wakati wa kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na sindano.

Kwa hiyo yule mama wa mlangoni aliuliza swali la haki. Mtoto wake inawezekana kabisa alishakingwa. Matone ya nyongeza yanamwongezea kinga ya utumbo, na zaidi yanamlinda wa nyumba ya jirani ambaye kadi yake ina mapengo. UTR imeshaandikwa upya mara moja na itaandikwa tena, kwani aina ya 1 na ya 3 nazo zinatengenezewa matone mapya kwa mbinu hiyo hiyo. Hadi yatakapofika, kazi ya kukisimamisha kirusi kilichorudisha herufi yake inafanywa na yule mtoto wa pili, wa Ludewa, wa Makambako au wa Sumbawanga, ambaye kikimfikia kinamkuta ameshachanjwa.